Laiki Elfu Kumi, Gauni Ngapi?

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu nipige kelele kidogo kuhusu jambo linalonikera. Siku hizi ukienda semina ya wafanyabiashara wadogo, hukosi mtu wa kusimama na kusema: tafuta influensa! Una cherehani Mwingi? Tafuta influensa. Unauza vitenge Wote? Tafuta influensa. Unasuka vyondo Kibwezi? Jibu ni lile lile, kama dawa ya mganga inayotibu kila ugonjwa, kuanzia jino hadi ndoa.

Mimi nasema hivi, na atakayekasirika akasirike: kwa biashara ndogo ya mavazi Kitui au Makueni, kumlipa mtu kwa sababu ana wafuasi wengi ni kutupa mtaji. Mlipe kwa mauzo, au usimlipe kabisa.

Tuanze na hiyo namba ya wafuasi. Kwa mtu wa kompyuta, hiyo ni hesabu ya akaunti zilizomo kwenye hifadhidata, basi. Haisemi kama akaunti ni ya binadamu, haisemi anaishi wapi, wala haisemi kama ana pesa ya gauni. Desemba 2014 Instagram walipofagia akaunti bandia, Justin Bieber alipoteza wafuasi zaidi ya milioni tatu kwa mpigo. Januari 2018 gazeti la New York Times likafichua kampuni ya Marekani iitwayo Devumi, iliyokuwa ikiuza wafuasi wa roboti kama mtu anavyouza njugu. Mambo yalizidi hadi Agosti 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ikatoa kanuni ya kupiga marufuku kuuza na kununua wafuasi bandia kwa ajili ya biashara.

Msiseme hayo ni ya Marekani. Mwaka 2021 Mozilla walitoa ripoti kuhusu Kenya, ikieleza jinsi watu walivyokuwa wakilipwa kama dola 10 hadi 15 kusukuma hashtegi za kisiasa Twitter hadi zionekane ni sauti ya wananchi. Kama gumzo la siasa linanunuliwa kwa bei ya kuku, unadhani gumzo la gauni lako haliwezi kutengenezwa?

Haya, tuseme influensa wako ni mwaminifu na wafuasi wake wote ni watu wa kweli. Bado hawataliona gauni lako wote. Tangu 2016 Instagram iliacha kupanga picha kwa mfuatano wa muda. Programu ndiyo inayochagua nani aone nini. Ile picha ya "stori" nayo hufutika baada ya saa 24. Halafu wafuasi wenyewe wako wapi? Nairobi, Mombasa, Eldoret, wengine Doha. Fundi yuko Mutomo. Gauni si kadi ya simu. Mtu anataka kulijaribu, kiuno kipunguzwe, pindo lishushwe.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wahubiri wa influensa hukimbia. Namba hizi ni za mfano. Wewe weka zako. Influensa anataka shilingi 15,000 kwa picha mbili na video moja. Gauni unauza 1,200. Ukitoa kitambaa, uzi, zipu, stima na kodi ya chumba, unabaki na 400. Gawanya: unahitaji kuuza gauni 38 ili tu kurudisha pesa ya tangazo. Kwa cherehani moja, gauni tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, hizo ni zaidi ya wiki mbili za kushona bila kujilipa hata senti.

Na hapo tumesema tangazo limefaulu! Wateja 38 wakija wiki moja, utawashonea nini? Utachukua malipo ya kwanza, utachelewa, na wateja wale wale watakuanika kwenye ukurasa ule ule uliolipia. Tangazo kubwa kuliko mikono yako ni deni.

Kuna watakaonijibu kwamba lengo ni jina lijulikane, mauzo yatakuja baadaye. Jamani! Hayo ni maneno ya kampuni ya soda. Soda iko kila kibanda kutoka Emali hadi Kyuso, kwa hiyo ukiikumbuka unaipata hapo hapo. Wewe una mlango mmoja. Jina lako likijulikana Kisumu, mtu wa Kisumu afanye nini nalo? Na ada ya shule hailipwi kwa kujulikana.

Nikubali jambo moja. Vyondo ni habari nyingine. Kiondo hakihitaji kupimwa kiuno, hakiharibiki kwenye basi, na wanunuzi wake wengi kweli wako Nairobi na ng'ambo. Kikundi cha akina mama chenye vyondo mia moja vilivyokamilika kinaweza kufaidika na mtu mwenye wafuasi wa mbali. Lakini hata hapo, alipwe kwa kila kiondo kilichouzwa. Anayejua ana ushawishi ataogopa nini?

Najua swali linalofuata: utajuaje nani ameleta mteja? Hili ni rahisi, na halihitaji kuajiri mtu kama mimi. Kila anayekutangazia mpe neno lake. Mmoja awe MAEMBE, mwingine POJO. Mteja akitaja neno, anapunguziwa shilingi 50, na mwenye neno anahesabiwa shilingi 100. Unaweza pia kutengeneza kiungo cha WhatsApp cha wa.me chenye ujumbe ulioandikwa tayari ndani yake, "Nimetumwa na POJO", kwa hiyo mteja akibonyeza hana haja ya kukumbuka. Ukitumia WhatsApp ya biashara, mwekee mteja lebo ya neno hilo. Jioni fungua taarifa ya M-Pesa, linganisha na daftari. Baada ya siku 30 utajua nani anauza na nani anapiga picha tu.

Ukifanya hivyo utagundua ushawishi Ukambani haukai mahali ambapo semina zinasema. Unakaa kwa mwalimu wa kwaya. Unakaa kwa katibu wa chama, kwa dada wa saluni, kwa bibi harusi wa Desemba ambaye picha zake zitazunguka kila kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Mwalimu wa kwaya hana hata wafuasi mia mbili, lakini akisema sare zishonwe kwako, ni sare 30 zenye rangi moja, kipimo kinajulikana na tarehe inajulikana.

Angalieni KICOTEC, kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui pale Syongila, kilichoanzishwa wakati wa gavana Charity Ngilu. Kilishona sare za shule, na korona ilipoingia mwaka 2020 kikageukia barakoa. Mtasema kile ni cha serikali, kina mlango ambao fundi wa kawaida hana. Sawa kabisa. Lakini fundi naye ana shule ya jirani, ana kanisa, ana kikundi cha akina mama. Huko ndiko kuna mnunuzi mwenye hitaji, idadi na siku. Kamtafute huyo kwanza, kabla ya mtu wa kucheza mbele ya kamera.

Mwisho, orodha. Ukurasa wa influensa ni wake, na mtandao wenyewe ni wa kampuni ya ng'ambo. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa saa kadhaa dunia nzima, na wengi wakagundua hawana namba ya mteja hata mmoja mahali pengine. Andika namba na vipimo vya wateja wako kwenye daftari. Waombe ruhusa kwanza (tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata bila sheria ni adabu). Mteja aliyeshonewa gauni likamkaa vizuri, ukimwandikia kabla ya Pasaka kwamba kitambaa kipya kimefika, huyo atakuja. Na hakudai 15,000.

Basi, nimemaliza kelele zangu. Anayepinga alete hesabu: alilipa ngapi, aliuza ngapi, alibaki na ngapi. Idadi ya laiki simtaki aniletee.