Namba Tatu Jirani

Katika shule zetu nyingi namba kubwa hufundishwa kwa macho na mdomo tu. Mwanafunzi husoma maelfu, mamia, makumi na mamoja. Akiisha kuitaja na kuiandika sawasawa, hupewa alama ya vema na somo likaishia hapo. Sisi twaona kwamba hiyo ni sawa na kumjua mtu kwa jina bila kuijua tabia yake.

Tutazame mathalani 5039, 5040 na 5041. Kwa sura ni ndugu. Kwa tabia ziko mbalimbali kabisa. 5040 ni zao la namba zote tangu 1 hadi 7. Ina vigawo 60, wala hakuna namba iliyo ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi hivyo. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliichagua iwe idadi ya kaya za mji aliouwaza, kwa kuwa yagawanyika bila baki kwa kila namba tangu 1 hadi 10. Jirani yake 5039 ni namba tasa, yenye vigawo viwili tu. Na 5041 ina vigawo vitatu: 1, 71 na 5041 yenyewe, maana ni 71 mara 71. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tulipata kuhudhuria mazoezi ya kufundisha ambapo mwanachuo aliliuliza darasa kama 5041 ni namba tasa. Mtoto mmoja akajibu, "Bado sijajua, Mwalimu, nimefika 31." Akaamriwa aketi. Mwingine akasema upesi, "Ni tasa," naye akapigiwa makofi. Mwanachuo yule hakukusudia ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu namba chache akachoka. Lakini siku ile darasa lilijifunza kwamba wepesi wa kusema wapita ukweli.

Yafaa somo liendeshwe hivi. Kwanza, wanafunzi waone kwamba 5040 yagawanyika kwa 2, 3, 5 na 7. Kwa hiyo 5039 na 5041, zinazoachana nayo kwa moja tu, haziwezi kugawanyika kwa yoyote kati ya hizo. Pili, waelezwe kwamba namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kwa kuwa 71 mara 71 ni 5041, majaribio ya 5039 hukoma kwenye 67. Zimebaki namba tasa 15, tangu 11 hadi 67. Kila kundi lipewe moja, ligawanye, liandike baki ubaoni. Wenye 11 watapata 458, baki 1. Kwa 5041 liongezwe kundi la 71; hilo peke yake ndilo litakalokosa baki.

Watakuwapo wasemao kwamba muda hautoshi, na kwamba kikokotoo hutoa jibu mara moja. Kikokotoo hutoa jibu. Hakitoi sababu ya kuliamini. Tena mazoezi ya kugawanya hayana budi kufanywa; tofauti ni kwamba hapa kila baki ina maana yake.

Basi, enyi walimu wanachuo, msimketishe mtoto asemaye, "Bado sijajua." Mwulizeni amefika wapi, kisha mfuataneni naye hadi 71.