MAONI YAKO NI USHAHIDI: NAMNA TUNAVYOZUNGUMZIA FILAMU NA VITABU KATIKA SIMU ZETU

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, maswahaba zake na kila anayefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Makala hii inahusu jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni jambo. Tukiambiwa tujihadhari na riba, tunaelewa. Tukiambiwa tujihadhari na kusengenya, tunainamisha vichwa. Lakini tukiambiwa kwamba maneno mawili matatu tunayowaandikia marafiki wa mtandaoni juu ya filamu tuliyoiona jana, au juu ya kitabu tulichokisikia kikitajwa, nayo yana hesabu yake mbele ya Allah, tunacheka. Leo tusicheke kwanza. Tufikiri.

Barza iliyohamia kwenye simu

Zamani, aliyekuwa na neno juu ya filamu alilisema mbele ya watu ishirini au thelathini waliobanana katika kibanda cha video, wakimsikiliza mfasiri mashuhuri Lufufu akiwaelezea kwa Kiswahili picha za Kichina na za Kimarekani. Filamu ikiisha, kila mmoja alitoa maoni yake njiani, na maoni hayo yalikufa kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Leo kijana wetu anatoka kuswali Isha hapa Sumbawanga, anatoa simu mfukoni, anaandika mistari mitatu, na kabla hajamaliza kuvaa viatu maneno yake yamekwisha kusomwa Namanyere, Mpanda, Dar es Salaam na Muscat, na watu ambao wengine hajapata kuwaona kwa macho.

Tumefundishwa katika Suratu Qaaf (50:18) kwamba kila tamko la mja lina mwenye kulichunga. Hatukufundishwa popote kwamba kidole kimesamehewa kile ambacho ulimi haukusamehewa. Basi msimamo wetu ni huu: mtu anayewaambia wenziwe, "Filamu hii ni kweli tupu", au "Kitabu kile ni upotofu mtupu", ametoa ushahidi. Na ushahidi katika dini yetu una masharti: shahidi awe ameliona jambo, alieleze kama lilivyo, na asimdhulumu mtu kwa kauli yake.

Kisa cha nyumba iliyo nyuma ya mashine

Miaka michache iliyopita, katika mtaa mmoja wa mji huu ambao sitautaja, kijana wa jamaa yetu aliangalia filamu ya Kibongo ya mambo ya kichawi. Ndani yake mna kikongwe mwenye macho mekundu anayetoka usiku kuwala wajukuu wa watu. Kijana akafungua kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, akaandika kwamba filamu ile imesema kweli tupu, kwamba yeye anatoka Ufipa na anathibitisha, na kwamba hata mtaani kwao yupo bibi wa namna hiyo hiyo, nyuma ya mashine ya kusaga.

Hakutaja jina, na baadaye alijitetea kwa hoja hiyo hiyo. Lakini nyuma ya mashine ile palikuwa na nyumba moja tu yenye bibi, mjane aliyeuza maharage kwa kopo. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, kama yawavyo macho ya kila mama aliyepuliza kuni mbichi kwa miaka hamsini. Wa Muscat alisoma akacheka, akapitiliza. Wa mtaani alisoma akaelewa. Wiki ile ile maharage ya bibi hayakununuliwa. Mwezi haukuisha, bati lake likawa linapigwa mawe usiku. Kabla mvua hazijaanza, bintiye alikuja kumchukua akampeleka Nkasi, na nyumba imebaki na kufuli.

Mimi mwandishi wa makala hii nilikuwemo katika kundi lile. Nilisoma, nikacheka, nikanyamaza. Ndiyo maana siandiki kama mtu aliyesimama juu ya mimbari na kuwanyooshea wengine kidole.

Bibi yule hakuwa Muislamu. Katika uwanda huu ambao majirani zetu wengi ni Wakatoliki, wapo watakaoona kwamba hilo linapunguza uzito wa kosa. Halipunguzi hata chembe. Jirani ana haki ya ujirani, awe wa dini yetu au wa dini nyingine, na dhuluma ni dhuluma.

Mji wetu na kicheko cha wageni

Sote tunajua mzaha unaofanywa juu yetu. Ukitaja Sumbawanga mbele ya mtu wa pwani, atakuuliza kama umekuja na radi yako. Ajabu ni kwamba jina lenyewe la mji huu, kwa Kifipa, lina maana ya kutupa uchawi. Mji uliopewa jina la kuukana uchawi umefanywa kuwa makao yake!

Na walioandika juu ya watu wa uwanda huu baada ya kufika na kutazama, waliandika mengine. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaeleza Wafipa kuwa ni watu wa amani, wakulima hodari. Mtaalamu Roy Willis, aliyeishi na kufanya utafiti huku miaka ya mwanzo ya 1960, alitoa mwaka 1981 kitabu kizima juu ya historia ya dola ya Ufipa kabla ya ukoloni. Willis huyo huyo hakuficha habari za uchawi. Mwaka 1968 aliandika juu ya Kamcape, kundi lililopita vijiji kwa vijiji likidai kuwafichua wachawi na kuwasafisha. Lakini alitazama, akauliza, akapima, kisha ndipo akaandika.

Nani basi anayempa mtu wa mbali uhakika kwamba mzaha ule ni kweli? Ni sisi wenyewe. Kijana wetu anataka marafiki zake wa Dar es Salaam wamcheke vizuri, wamwone yeye ni mtu wa kuleta habari nzito. Kwa kicheko cha dakika moja anauza heshima ya mama zake. Filamu aliitunga mtu asiyedai kwamba ni habari ya kweli. Aliyeifanya kuwa habari ya kweli ni yule aliyeongeza maneno "mimi natoka huko".

Wala tusidhani kwamba imani hizi huishia kwenye mawe juu ya bati. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli nchini kote kwa sababu ya mashambulizi dhidi ya ndugu zetu wenye ualbino. Machi ya mwaka huo huo, katika Wilaya hii hii ya Sumbawanga, mtoto mwenye ualbino alivamiwa usiku akakatwa mkono. Sisemi kwamba filamu ilimkata mkono. Nasema kwamba panga lile lilinolewa kwa maneno: fulani kasema, fulani kathibitisha, fulani anatoka huko na anajua.

Walivyofanya waliotutangulia

Wapo watakaosema, "Je, tunyamaze hata kitabu kibaya kikitoka?" La. Tutazame masheikh wetu walivyofanya.

Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa (1891-1947) alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha al-Islah mwaka 1932, akatoa humo maoni makali juu ya mambo ya zama zake. Lakini maoni yake yalikuja na hoja, na jina lake lilikuwa juu ya gazeti, ili mwenye kumpinga ajue wa kumjibu.

Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kiingereza, alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya Ahmadiyya chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Masheikh wa Ahlu Sunna hawakuridhika. Je, Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alitosheka kuwaambia watu barazani kwamba amesikia kitabu kile ni kibovu? Alikifungua, akakisoma, akaandika kuyajibu yale aliyoyaona kuwa ni makosa. Kisha akafanya lililo kubwa zaidi: akatafsiri mwenyewe Qur'ani nzima, kazi iliyochapishwa na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969, na ambayo imo katika misikiti yetu mingi hadi leo. Huo ndio upinzani wa mwanachuoni. Na sisi je? Tunakihukumu kitabu kwa picha ya jalada iliyosambazwa katika simu!

Kumbukeni pia mwaka 2012. Kipande cha filamu cha dakika zisizozidi kumi na tano, kilichotengenezwa Marekani kwa ajili ya kumtukana Mtume wetu (S.A.W.), kiliwekwa mtandaoni mwezi Julai na kwa wiki nyingi hakikuwa na watazamaji wa maana. Kufikia Septemba dunia nzima ilikuwa imekiona. Waislamu wangapi walikipokea kutoka kwa Muislamu mwenzao, kimeambatana na maneno "tazameni wanavyomtukana"? Hasira yetu ilikuwa ya haki, lakini vidole vyetu vilimfanyia adui kazi ya kugawa matusi yake bila ujira.

Majibu kwa wenye hoja

Wa kwanza husema: "Haya ni mazungumzo tu, ni utani." Tunamjibu kwamba Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa inamtosha mtu kuhesabiwa mwongo kule kusimulia kila alichokisikia. Onyo hilo halikuwatoa wenye utani. Tena muulizeni mwenye bati lililopigwa mawe kama alicheka.

Wa pili husema: "Uchawi upo, umetajwa ndani ya Qur'ani." Naam, umetajwa. Wizi nao umetajwa. Je, kila jirani yako ni mwizi? Ndugu yangu, isome Suratul-Baqara aya ya 102 yote. Utakuta ndani yake Nabii Sulayman (A.S.) akitakaswa na uchafu aliosingiziwa, na utakuta kwamba wachawi hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Allah. Kisha hesabu ni akina nani walioitwa wachawi katika Qur'ani. Musa (A.S.) aliitwa mchawi. Muhammad (S.A.W.) aliitwa mchawi. Suratu Adh-Dhaariyaat (51:52) inatufahamisha kwamba hivyo ndivyo kaumu zilivyowaambia Mitume wao. Umma ambao Mtume wake alisingiziwa uchawi ungepaswa kuwa wa mwisho duniani kumsingizia bibi kizee uchawi!

Wa tatu ni mzee wetu mwenye nia njema. Yeye husema: "Dawa ni moja, tupeni simu na filamu zote." Mwenye kuweza kujiepusha na afanye, naye ana ujira wake inshaallah. Lakini mzee huyo huyo, asiyemiliki simu ya kioo, nimemsikia akikihukumu kitabu ambacho hajapata kukishika. Chukueni mfano wa kitabu cha Dk. Hamza Njozi juu ya mauaji ya Mwembechai ya 1998, kilichotoka mwaka 2000 na kupigwa marufuku na Serikali mwaka huo huo. Nimekutana na wanaokisifu na wanaokilaani kwa nguvu sawa. Nikiwauliza sura ya kwanza inasema nini, pande zote mbili hunyamaza. Ugonjwa basi haukuanzia kwenye simu. Simu imeuongezea miguu.

Tufanye nini?

Kwanza, tusitoe hukumu juu ya filamu au kitabu ambacho hatujakimaliza. Neno "sijakisoma" si aibu; Suratul-Israa (17:36) imetukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo.

Pili, tukieleze kisa kuwa ni kisa. Sema mtunzi alisimulia hivi, na mimi naona hivi. Usiapie utungo.

Tatu, tusimtundike mtu aliye hai kwenye picha ya filamu, kwa jina, kwa mtaa wala kwa dalili. Suratul-Hujuraat (49:12) imetuonya juu ya dhana.

Nne, aliyekosea arejee pale pale alipokosea, mbele ya watu wale wale. Kufuta ujumbe kimya kimya hakutoshi, kwa kuwa waliousoma hawakufutwa nyoyo zao.

Tano, viongozi wa misikiti yetu, kuanzia Laela na Matai hadi Kirando na Kasanga, watenge walau Ijumaa moja ya mwezi, baada ya swala, kijana mmoja asimame aeleze kitabu alichokisoma chote, naye aulizwe maswali. Anayezoea kuulizwa "umeyaona wapi?" hujifunza kujiuliza kabla ya kuandika.

Namalizia na bibi. Wanachuoni wetu wamefundisha kwamba haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake. Mwenyewe hurudishiwa haki yake na kuombwa radhi. Mimi na kijana yule tulisafiri hadi Nkasi. Tulimkuta amekaa juani, anachambua maharage. Tulieleza tulichokuja kukieleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ametusamehe sisi wawili. Kisha akauliza: "Na wale wengine wa kwenye simu watakuja lini?"

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna.

Allah (S.W.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosema kheri au wananyamaza, na atupe ujasiri wa kuzirudisha haki za watu kabla ya siku ambayo hapatakuwa na cha kulipia ila mema yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.