Ada ya Mtoto na Kelele za Hisa

Saa tatu usiku, Nyasho, Musoma. Watoto wamelala. Baba, fundi simu anayefanya kazi Bunda, amerudi na jambo.

"Mama watoto, pesa ya ada tununulie hisa za kampuni ya chipu. Kwenye simu kila mtu anaisifia."

Mama, mzaliwa wa Butiama anayeuza dagaa mjini, hakugomba. Aliuliza tu: "Baba watoto, simu yako hiyo ina chipu ya nani?"

Baba akanyamaza. Anafungua simu kila siku, lakini hilo hakuwahi kulifikiria.

Swali la mama lina uzito. Mwaka 1991, Intel ya Marekani ilianza kuchangia gharama za matangazo ya watengenezaji wa kompyuta ili nembo yake ionekane. Ikafahamika hata kwa wasiojua chipu ni nini. Lakini zilipokuja simu janja, nyingi zilijengwa kwa usanifu wa Arm ya Uingereza, unaotumia umeme kidogo. Wanunuzi wengi hawajawahi kusikia jina hilo. TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa 1987, nayo hutengeneza chipu zinazouzwa kwa majina ya kampuni nyingine.

Je, matangazo hayana maana? Yana maana. Mama anajua kuwa dagaa safi asiyepata mteja huishia kuharibika. Teknolojia nzuri pia inahitaji soko. Hivyo, kabla ya kununua hisa, mzazi aulize: nani hasa huilipa kampuni hii? Inabakiwa na faida? Bei ya hisa imepandishwa na kazi au na kelele? Hata kampuni bora, ukiinunua kwa bei ya kuruka, inaweza kukutia hasara.

Hisa za kampuni hizo haziuzwi Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anayekutumia ujumbe akitaka pesa, hakiki kwanza kama ana leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji nchini.

Na ada ya Januari si pesa ya kubahatisha. Bei ikishuka Desemba, mtoto hukosa shule, wazazi hukosa usingizi, na ugomvi wao watoto huusikia.

Usiku huo ada ilibaki mahali pake. Baba akasema, "Basi tuanze na ziada ya dagaa."

"Ikipatikana," mama akajibu. "Na tukishajua tunachonunua."