Ramli Pale Palipostahili Kipimo

Katika Kanda ya Ziwa, na Ngara na Biharamulo zimo, mtoto akianguka mpirani na kufa, kisha nduguye akafuata, hukumu hutolewa kabla ya matanga kuanuliwa: kuna mkono wa mtu. Ramli hupigwa, na kidole huelekezwa kwa bibi kizee. Serikali huonya kwa Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928. Nasema onyo hilo ni nusu ya kazi. Huwezi kuinyima familia jibu la mganga bila kuipa jibu jingine.

Jibu lipo. Mwaka 1957 madaktari wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, walieleza habari za familia moja yenye watoto sita: wanne walizaliwa viziwi na kuzimia mara kwa mara, na watatu kati yao wakafa ghafla. Kasoro ilikuwa katika umeme wa moyo, unaochelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Mbio au mshtuko ukiukuta hapo, mapigo huvurugika. Ipo aina nyingine, ya kawaida zaidi, isiyogusa masikio: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Wazee wasemapo kwamba kifo kinauandama ukoo, wameona sawasawa. Aliyekosekana ni mwenye kipimo.

Na kipimo chenyewe ni nyaya chache kifuani na ukanda wa karatasi, kwa dakika chache tu. Dawa ya kwanza ni ya jamii ya propranolo, kidonge cha zamani na cha bei nafuu. Wachache huhitaji kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa mwilini. Hao na wapelekwe Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam isiwe ndiyo mlango wa kuingilia! Mtoto anayezimia akikimbia anaweza kuandikiwa kifafa kwa miaka. Akiugua malaria akapewa kwinini, dawa hiyo yaweza kuurefusha ucheleweshaji ule ule.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita chake kitamlipia nani: aliyezimia peke yake, au na nduguze waliobaki nyumbani bila dalili yoyote? Maana hao ndio wa kupimwa wiki ile ile ya msiba.