Ukurasa wa Mama: Chai Baridi ya Maembe



Jua la Kalemie linapokuwa kali, na upepo wa ziwa haujaanza kuvuma, nani atakataa kinywaji baridi? Watoto warudipo kutoka shuleni huomba soda, na soda ina bei yake. Basi leo twataka kuwaeleza namna ya kutengeneza nyumbani chai baridi yenye ladha ya matunda. Gharama yake ni ndogo, tena yafaa kuwekwa mbele ya mgeni. Lakini tangu mwanzo tuseme neno moja: wema wa kinywaji hiki hautoki katika baridi yake, bali katika maji yake.

Chai ya namna hii si jambo geni. Huko Marekani vitabu vya mapishi viliieleza tangu miaka ya 1870. Wengi wa ng'ambo huitia mafyulisi, ambayo wengine huyaita pichi. Mti wake hupenda baridi. Hustawi milimani, kama kule Lushoto katika Tanzania, wala si ufukoni kwetu. Sisi tuna maembe, nayo hayapungukiwi utamu. Nanasi na marakuja pia yafaa.

Vitu vinavyotakiwa

Maji lita 1 na nusu, majani ya chai vijiko vidogo 3, maembe mabivu 2, sukari vijiko vikubwa 4, limau 1.

Namna ya kutengeneza

Kwanza nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji yote mpaka yatokote kwa nguvu. Twaa lita 1, tia majani ya chai, funika kwa dakika 5, kisha chuja. Usiyaache majani zaidi, maana chai itakuwa chungu.

Osha maembe kabla ya kuyamenya, kwa sababu kisu huchukua uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Katakata nyama yake, iponde, uitie katika maji yaliyobaki pamoja na sukari. Pika kwa moto mdogo dakika 10, ukikoroga, mpaka iwe nzito kidogo. Chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa. Changanya na chai, kamulia limau, kisha mimina katika chupa zilizooshwa kwa maji ya moto, uzifunike vema.

Namna ya kuipoza

Wenye friji na waitumie. Asiye nayo asihuzunike. Funga chupa kwa kitambaa kilicholowa, uiweke kivulini mahali penye upepo, na kila kitambaa kinapokauka ukiloweshe tena. Maji yanapokauka huondoka na joto la chupa. Ndiyo sababu mtungi wa udongo hupoza maji. Kabla ya kumimina, pangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa kikavu na safi. Inywe siku ile ile, maana chai yenye sukari na matunda huchacha upesi.

Hadhari ya barafu

Mama mwingine atachemsha maji kwa bidii, halafu atanunua barafu njiani na kuitia ndani ya chai. Kazi yake yote imepotea! Barafu ni maji, na ikiwa maji yake hayakuwa safi, barafu nayo si safi. Baridi haiui vijidudu vya kipindupindu. Huvilaza tu, na barafu ikiyeyuka vinaamka. Limau nalo haliwezi kutegemewa peke yake. Kilichochemshwa kipozwe kwa nje, kisitiwe ndani kitu kisichochemshwa.

Twayasema haya kwa sababu kolera si mgeni katika mji wetu. Imekuwa ikirudi mara kwa mara katika pwani za Tanganyika tangu miaka ya 1970, na katika miaka ya 2013 na 2014 watu wengi wa Kalemie walipewa chanjo. Chanjo ni msaada mkubwa, lakini haiondoi kazi ya sufuria na moto. Kuni na makaa ni ghali, twajua. Hata hivyo jeneza ni ghali zaidi.

Mtoto akishikwa na kuhara, chai hii si dawa yake. Mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo, nawe umpeleke hospitali bila kukawia. Tena, mama mwenye mimba na watoto wadogo wasinywe chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yanayojenga damu.

Bwana wetu aliahidi thawabu kwa yule atakayempa mdogo hata kikombe cha maji baridi. Basi mgeni akibisha hodi, mpe kwa furaha; lakini kwanza hakikisha kwamba kikombe unachompa kina uzima ndani yake.