Mtalii wa Begi Mgongoni na Mustakabali wa Mto Rufiji

Mwaka 2024 idadi ya watalii wa kimataifa walioingia nchini ilivuka milioni mbili, na takwimu hiyo imenukuliwa sana, kwa haki yake. Hata hivyo jumla haielezi aina ya wageni. Miongoni mwao wamo wale wasiotua kwa ndege ndogo katika uwanja wa hifadhi wala kulala katika kambi za kifahari. Hufika Mloka, wilayani Rufiji, kwa basi la abiria kupitia Kibiti, begi mgongoni, wakiulizia hema la kukodi na boti la kwenda kuwatazama viboko. Mgeni wa namna hii husahaulika katika mijadala ya utalii, ilhali ndiye anayekutana na mwanakijiji uso kwa uso.

Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous, ina ukubwa wa kilomita za mraba 30,893. Kinachoitofautisha na hifadhi za Kaskazini ni maji. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na ukishatoka katika korongo la Stiegler hupoteza kasi, hutanuka na kuhamahama. Mikondo iliyoachwa na mto imekuwa maziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizima. Kando yake imesimama mivumo, mingine ikiwa imekufa ingali wima, na juu yake hutua furukombe. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, vidimbwi vya porini hukauka na wanyama hulazimika kusogea kwenye maziwa hayo. Ndiyo maana mtu aliyekaa ndani ya boti kwa saa mbili huweza kuona mamba, viboko, tembo na makundi ya ndege bila kufukuzana na mnyama yeyote. Jambo moja huwashangaza wengi: twiga huonekana upande wa kaskazini wa mto tu, ng'ambo ya kusini hawapo.

Safari ya boti ina hesabu yake. Mafuta, nahodha na mwongoza watalii hugharimu kiasi kilekile, awepo abiria mmoja au wawe sita. Kwa sababu hiyo msafiri wa bajeti ndogo husubiri wenzake wapatikane ili wagawane gharama, na siku hizo za kusubiri hula samaki wa mto, hupanda bodaboda, hununua maji na vocha dukani. Mgeni aliyelipia kila kitu akiwa Ulaya huchangia ada ya hifadhi na kodi, jambo kubwa kwa Taifa, lakini fedha yake hupita juu ya kijiji kama ndege iliyomleta. Kwa maoni ya mwandishi, hoja ya kwamba nchi ichague watalii wachache wenye fedha nyingi badala ya wengi wenye fedha kidogo imerahisishwa mno. Wote wawili wanahitajika, na kila mmoja huacha fedha mahali pake.

Hii haina maana kwamba utalii wa bei nafuu hauna hatari. Mfano unaofaa kutazamwa uko Bolivia, katika mto Yacuma karibu na mji wa Rurrenabaque, ambako vijana wa mabegi kutoka pande zote za dunia wamekuwa wakienda kwa miaka mingi. Wauzaji wa safari waliposhindana kwa kushusha bei, baadhi ya waongozaji walianza kuwaridhisha wageni kwa kuwashika chatu wa majini na kuwalisha mamba wadogo ili picha ipatikane. Bei iliposhuka, kilichopunguzwa kwanza kilikuwa heshima kwa mnyama, kisha usalama wa abiria. Rufiji haijafika huko, na haipaswi kufika. Kiboko anayesogelewa mno ni hatari kuliko simba, na boti lisilo na maboya ya kujiokolea halipaswi kuondoka ufukweni, liwe la kambi kubwa au la kijana wa kijijini. Usimamizi wa ndani ya hifadhi unafahamika. Sehemu ya mto iliyo nje ya mpaka, ambako boti za Mloka huanzia safari zao, ndiyo inayohitaji uangalizi wa karibu zaidi wa halmashauri na mamlaka za usafiri wa majini.

Suala zito kuliko yote, hata hivyo, ni mto wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na umeme wake umebadilisha hali ya upatikanaji wa nishati nchini. Wakati huohuo, bwawa hubadilisha mwendo wa maji. Maziwa yanayowavutia watalii yalizaliwa na mafuriko na hulishwa nayo. Vivyo hivyo mashamba ya mlau, ambayo wakulima wa Rufiji hupanda maji yanapopungua. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyowaathiri wananchi wa Rufiji na Kibiti, yalionyesha upande wa pili: maji yakizidi ni maafa. Kati ya maafa hayo na ukame wa maziwa kuna kiwango cha maji kinachofaa, na kukipata kunategemea ratiba ya kuyaachilia kuzingatia umeme, kilimo, uvuvi na wanyamapori kwa pamoja, na ratiba hiyo kuwafikia wananchi wa chini mapema. Eneo la mwambao wa Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Ramsar mwaka 2004, na Bonde la Kilombero mwaka 2002, hivyo wajibu huo Tanzania imeubeba pia mbele ya mataifa.

Uhifadhi wenyewe una historia ya kuonya. Tembo wa mfumo ikolojia wa Selous, waliokadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970, walikuwa wamebaki takriban 13,000 mwaka 2013, na mwaka uliofuata UNESCO ililiweka pori hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Operesheni dhidi ya ujangili zimepunguza uharibifu huo. Tembo wanapoongezeka, huvuka na kuingia mashambani, na hapo ndipo kifuta jasho na kifuta machozi vinavyosubiriwa na familia zilizopoteza mazao au ndugu. Kwa kijana wa Mloka ambaye shamba la baba yake limekanyagwa usiku, nafasi ya kuendesha boti asubuhi, akiwa na leseni na mafunzo, ndiyo sababu ya karibu kabisa ya kumtazama tembo yuleyule kama mali.