Tusiache Maneno ya Chombo Yazame

Yuko mtu atakayeuliza: mchuma chai wa Mufindi na dereva wa lori wa Makambako wana haja gani na habari za jahazi na mashua? Kutoka mjini Mbeya mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na wengi katika milima hii wamezeeka bila kuliona tanga likitwekwa. Mtu huyo husema kuwa mapenzi ya vyombo na mashairi ya mabaharia ni mambo ya watu wa pwani, na wa bara wanayo mengine ya kushughulikia.

Sisi hatukubaliani naye. Twasema kuwa chombo cha tanga kilikwisha kupanda milima hii zamani, nacho kilipanda ndani ya lugha yetu.

Mfanyakazi apandaye basi kutoka Iringa kwenda Mbeya hulipa nauli, na asili ya neno hilo ni malipo ya safari na shehena ya chomboni. Kiongozi wa timu ya mpira twamwita nahodha. Nguzo ya bendera katika kila shule na kila ofisi ya tawi ni mlingoti. Mambo yakiharibika mkutanoni twasema yamekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo mawimbini. Mkulima anenaye msimu wa kupanda mahindi atumia neno la mabaharia waliongojea majira ya pepo. Hata jina la Nyanda za Juu Kusini limebeba kusi, upepo uvumao tangu yapata Aprili hadi Septemba, ambao uliwarudisha makwao wafanya biashara wa Arabuni na Bara Hindi.

Basi, si ajabu kwamba mwanafunzi wa Njombe asiyejua kuogelea huvutiwa na hadithi za baharini. Chombo kidogo ni shule ya kazi. Ndani yake mvivu haonekani mvivu tu, bali huonekana adui, kwa kuwa asipokumba maji wote watazama. Nahodha huheshimiwa kwa kuujua upepo, wala si kwa mavazi yake. Jambo hilo lafahamika kwa kila mtu aliyepata kufanya kazi na wenzake, awe kiwandani au shambani.

Waandishi wetu wamelijua jambo hili. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, ambaye diwani yake ya Kimbunga ilichapishwa mwaka 1994, alikuwa mvuvi na baharia kabla ya kujulikana kwa ushairi. Adam Shafi, katika riwaya ya Kuli ya mwaka 1979, aliwaandika wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Na kabla yao alikuwapo Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikaa vinywani mwa watu kwa muda mrefu, na tungeyapoteza kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingeyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka.

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Nyanda za Juu Kusini nazo zina maji yake na vyombo vyake. Mkoa wa Mbeya wafika Ziwa Nyasa katika Kyela. Iringa nayo ilifika ziwani kwa upande wa Ludewa, mpaka mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Njombe. Chini ya Milima ya Livingstone, ambayo huteremka wima mpaka majini, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu, na kutoka Ikombe vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi mpaka soko la Matema. Chungu huvunjika kwa pigo moja la wimbi. Apangaye vyungu ndani ya gogo lililochongwa, akavuka navyo vikafika vizima, ni fundi aliyefuzu. Je, ni nani amemwandikia diwani? Ni mtoto gani wa shule ajuaye jinsi mtumbwi wake unavyochaguliwa mti, unavyochongwa, na dalili zipi za upepo humzuia mpiga kasia asiondoke pwani?

Hatusemi haya kwa kuichukia injini. Meli ya MV Mbeya II, iwezayo kuchukua abiria 200 na mizigo tani 200, ni neema kwa watu wa ziwani, na hatutaki mgonjwa au mama mjamzito acheleweshwe kwa kupigiwa kasia. Lakini chombo kikiachwa, maarifa yake huondoka pamoja nacho. Pwani yetu ilikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Leo hakuna bandari inayoutegemea, na mafundi walioushona hatuwezi kuwauliza tena.

Kwa hiyo twatoa shauri. Walimu wa Kyela na Ludewa wawatume wanafunzi wao kwa wazee wa pwani ya ziwa, wakaandike majina ya sehemu za mtumbwi, ya pepo na ya mawimbi, kwa Kikisi na kwa Kiswahili. Matawi ya Chama yawape wapiga kasia na wafinyanzi nafasi ya kusimulia mikutanoni, na asikiaye aandike. Baraza la Kiswahili la Taifa liyapokee maneno yafaayo, kama lugha hii ilivyoyapokea ya mabaharia wa kale.

Kazi hii haidai fedha nyingi, wala haihitaji tume. Yahitaji daftari, kalamu na mtu mwenye subira ya kukaa mchangani jioni moja na mzee. Madaftari tutayapata hata mwakani, lakini wazee hatuna ahadi nao.